Siku moja maishani mwangu: damu ya mgonjwa wa kifua, suali la ukoma

Saa 12:30 asubuhi. Ndani ya gari ya kutoka Wete kwenda Chake Chake, mapajani nimepakata kisanduku cha barafu. Utingo ananiuliza kama nimebeba samaki, changu au tasi. Namwambia leo kitupu, jioni asiulize.

Saa 2:00. Siku ya kuchukua dawa za kifua kikuu. Mzee mmoja ananivuta pembeni: mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa, je, ndiyo figo zinakwisha? Hapana, mzee, hiyo ni rifampisini, na ukiiona ujue dawa umemeza kweli. Dawa hiyohiyo hupewa wagonjwa wa ukoma. Vijidudu vyenyewe ni ndugu: cha ukoma alikiona Hansen kule Norway mwaka 1873, cha kifua kikuu Koch akakitangaza 1882.

Undugu huo ndio ulionileta hapa. Kazi yangu ya masomo ni kupima damu za wagonjwa wa kifua kwa kipimo cha kingamwili za ukoma, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kijidudu hicho. Mtoto wa baba yako mdogo mkifanana sana, deni lake unaweza kudaiwa wewe. Nataka kujua kama kipimo nacho kinadai watu wasiohusika.

Saa 3:15. Hapa ndipo penye kazi, si maabara. Wiki ya kwanza nilikuwa nasema “tunapima ukoma”, watu wakainuka na kuondoka. Kosa langu. Leo nimekaa na bibi mmoja anayemaliza mwezi wa nne wa dawa.

“Mwanangu, mimi nina kifua. Hayo matana yamekujaje?”

“Hayajaja, bibi. Nataka damu yako itoe ushahidi kama kipimo kinasema kweli.”

“Na kikisema uongo?”

“Kosa litakuwa lake, si lako.”

Nikamweleza kuwa hata kikisema kweli, kingamwili si ugonjwa. Mtu anaweza kuwa nazo kwa kukutana tu na kijidudu, na watu wengi wakikutana nacho hawaugui. Ukoma hutafutwa mwilini: baka lisilohisi, mshipa wa fahamu uliovimba. Akataka kuona nitaandika nini. Nikamuonesha kichupa: nambari tu, hakuna jina. Akakunja mkono wa baibui.

“Haya, chukua. Lakini usinikamue kama nazi.”

Saa 5:00. Damu imeganda, nimeizungusha kwenye mashine dakika kumi, seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili, imekaa juu, rangi ya samli iliyoyeyuka. Sahani ina vishimo 96, na chini ya kila kimoja pamegandishwa sukari iliyoundwa kwa kuiga ncha ya PGL-I, mafuta ya ganda la kijidudu cha ukoma yaliyojulikana tangu 1981. Kingamwili za ukoma zikiwamo, hunasa hapo. Kijidudu cha kifua kikuu hakina sukari hiyo. Tunaiga kwa sababu kijidudu chenyewe hakijakubali kuoteshwa maabara; wanaokihitaji hukipata kwa armadilo, mnyama wa Marekani anayefanana na kakakuona, au nyayo za panya. Nimetia seramu, nimefunika, nimeiacha.

Saa 7:00. Sala, kisha wali na mchuzi wa pweza.

Saa 8:40. Nimeosha, nimetia kingamwili ya pili, inayoshika zile zilizonasa, yenye kimeng'enya cha kugeuza rangi, nimeosha tena, nimetia rangi. Vishimo vya damu ya mgonjwa wa ukoma, ya kulinganishia, vinageuka buluu taratibu, kama inavyotakiwa. Nikageukia safu ya mwisho, visivyotiwa seramu yoyote, ambavyo havitakiwi kubadilika. Buluu. Si nzito, lakini buluu.

Nilitia asidi hivyohivyo, vyote vikawa njano, mashine ikathibitisha nilichokwisha kukiona. Nilipoosha mara ya pili nilifanya haraka, mizunguko mitatu badala ya mitano, maana nilitaka kuwahi gari. Ningeweza kuitoa rangi hiyo ya ziada kwa hesabu na majibu yakapendeza. Lakini hapo ningekuwa mimi ndiye ninayemdai bibi deni la watu. Nikaandika “imeharibika” kwenye daftari, na saa.

Saa 10:30. Seramu zimerudi kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Nimezihesabu moja moja. Ya bibi imebaki ya kutosha sahani mbili zaidi. Sitohitaji kumkamua tena.