Pipa la chambo hai kwa boti ndogo: hangaikia maji yanakotokea

Mvuvi wa mshipi yeyote aliyewahi kumshushia nguru kibua aliye hai anajua naongelea nini. Kibua wa barafu nguru anaweza akamfuata, akamzunguka, akaachana naye. Ila yule anayepapatika kwenye ndoana hapewi nafasi, anapigwa kwa kasi mpaka mshipi unakata mkono. Sasa sisi wa boti ndogo huku Kunduchi, Dar es Salaam, shida yetu siku zote ni moja, huyo kibua umfikishe akiwa mzima. Unavua chambo alfajiri kwa ndoana ndogondogo za manyoya, unaweka kwenye ndoo, njia nzima mtu mmoja kazi yake ni kubadilisha maji kwa kopo mpaka bega linauma, na bado mkifika kwenye kina nusu wameshageuza matumbo juu.

Nimehangaika na hili jambo karibu miaka miwili, sasa hivi nina pipa linalofanya kazi na limenigharimu 195,000, betri nilikuwa nayo tayari. Ntaeleza nilivyolitengeneza na pale nilipokosea, maana naona wenzangu wengi wanaotengeneza haya mapipa mawazo yao yote yako kwenye maji kuingia, pampu kubwa, pampu kubwa, kumbe kinachoua samaki mara nyingi ni kule maji yanakotokea.

Nilianza na deli la barafu, lile la mstatili. Nikatoboa, nikaweka pampu, nikaona nimemaliza. Siku ya kwanza tuliingiza vibua 30, saa mbili baadaye walikuwa wamebaki tisa, na hao tisa pua zao nyekundu kama zimesuguliwa na msasa, maji yamejaa magamba. Nilikaa nikawaangalia tu. Kibua ni samaki wa kutembea, anaogelea mdomo wazi ili maji yapite kwenye matamvua, akisimama anakosa pumzi. Kwenye deli anafika pembeni anakwama, wa nyuma anamgonga, wanarundikana kwenye kona nne wakati katikati pako wazi. Kwa hiyo la kwanza kabisa, chombo kiwe cha duara. Hapo hamna mjadala.

Pipa la plastiki la bluu la lita 200 unapata Gerezani au Buguruni, langu nilinunua 45,000. Fungua kifuniko uingize pua kabla hujatoa hela. Mapipa mengi yamebeba kemikali, sabuni, dawa, na plastiki inanyonya, unaweza ukaosha wiki nzima na bado ikawa inaachia kidogokidogo. La kwanza niliambiwa lilikuwa la mafuta ya kula, nikaamini, nikalianika jua la saa saba, likaanza kutoa harufu ya dawa ya chooni. Nikalirudisha. Nililonalo lilibeba juisi ile nzito ya viwandani, mpaka leo ukilifunga siku mbili linanukia embe.

Nimelikata sentimita 58 kutoka chini, kingo nikazipiga msasa. Maji yanasimama kwenye sentimita 45, hiyo inakuja kama lita 110. Sasa piga hesabu, lita 110 za maji ya bahari ni kilo 113 hivi, huyo ni abiria mmoja mnene na mzigo wake. Kwa mara ya kwanza nililiweka tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na injini, boti ikakaa mkia chini, omo (pua ya mbele) juu, kila wimbi tunalipiga kifua. Nikalisogeza katikati karibu na ngama, pale chini maji ya botini yanapojikusanya, na mambo yakatulia. Limekaa juu ya fremu ya mbao ya mbili kwa nne ili bomba lipite chini yake, na limefungwa kamba pande tatu.

Maji ya kuingia ntasema kwa haraka. Pampu ni ile ndogo ya kutolea maji botini, ya volti 12, imeandikwa galoni 500 kwa saa ambazo ni lita kama 1,900, lakini hiyo ni namba ya kwenye boksi, ukishayapandisha maji juu na kuyapitisha kwenye kona zinapungua. Mi nilipima kwa ndoo, lita 20 zilijaa kwa sekunde 65, maana yake pipa zima linabadilika maji kila dakika sita, na hiyo inatosha sana. Bomba la robo tatu ya inchi linashuka ukutani ndani ya pipa, nimelitoboa matundu ya milimita tano kutoka juu mpaka chini, yote yanatazama upande mmoja kufuata ukuta. Basi maji yanazunguka polepole kama uji unaokorogwa, na vibua wote wanageuka kuukabili mkondo na kuogelea kwa mpangilio. Ukiona wanasukumwa kinyumenyume mkondo ni mkali, ongeza matundu ili nguvu igawanyike. Matundu mawili ya juu nimeyaacha juu ya maji yarushe na kuchanganya hewa, kwa sababu maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, na jua letu la Januari mnalijua.

Sasa kutoka.

Toleo la kwanza nilitoboa ubavuni karibu na juu, nikaweka bomba la robo tatu sawasawa na la kuingilia. Nikaona ni haki, robo tatu inaingia, robo tatu inatoka. Si haki. Maji ya kuingia yanasukumwa na pampu, ya kutoka yanaanguka kwa uzito wake tu, hayo yanahitaji barabara pana. Ndani ya nusu saa pipa lilikuwa linamwagika juu, maji yanajaa ngamani, na kale kawavu nilikoweka mdomoni kameziba kwa magamba na kibua mmoja aliyekufa amejibandika pale. Tulikuwa tunakumba maji kwa ndoo huku betri imekaa sakafuni, na pale ndo niliogopa kweli.

Toleo la pili nikaenda inchi mbili, na nikahamisha tundu kutoka ubavuni kwenda chini, katikati kabisa ya kitako cha pipa. Hii ilinifurahisha kuliko kitu chochote kwenye hii kazi. Maji yakizunguka uchafu wote unakusanyika katikati chini, we koroga chai yenye majani utaona yanakoenda. Magamba, mavi ya samaki, kibua aliyekufa, vyote vinasogea vyenyewe kwenye tundu na vidogo vinatoka. Juu ya tundu nimefunika kibakuli cha plastiki nilichokitoboatoboa pande zote, kwa hiyo hata samaki akilala juu yake njia nyingine ziko wazi. Kutoka hapo bomba linapita chini ya fremu, elbo (kiungio cha kona), linapanda nje ya pipa mpaka usawa wa sentimita 45, halafu linaelekea ubavuni mwa boti na kutoka kwenye tundu nililotoboa shibiri moja na nusu juu ya mstari wa maji. Kile kimo cha bomba la nje ndo kinaamua maji ya ndani yasimame wapi. Hata pampu ikizimika pipa linabaki limejaa.

Au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimeweka elbo pale juu bomba linapogeuka, na kwa nje nikaunga mpira mrefu uning'inie mpaka karibu na bahari ili uchafu usichirizike ubavuni. Asubuhi tunapita nje ya kisiwa cha Mbudya, tuna vibua 26 wazuri mno, nikazima pampu tukimbize boti maana kwenye mwendo inakula mapovu. Robo saa baadaye mjomba anafunua kifuniko, akaniita, "Mwanangu, maji yako wapi?" Yamebaki shibiri moja chini, vibua wamelala ubavu wanapigana na hewa. Ni ileile ya kunyonya petroli kwenye tenki kwa mpira, maji yakishajaza bomba yote na mdomo wa nje uko chini kuliko ndani, yanajivuta yenyewe hayasimami. Tulikinga maji kwa ndoo mbili mbio mbio, tukawaokoa kumi na moja.

Dawa yake ni kitu cha bei ya soda. Pale juu badala ya elbo unaweka tii, kile kiungio cha midomo mitatu, na mdomo wake wa juu unauacha wazi uvute hewa. Basi. Hewa ikiingia mvuto unakatika, pipa linashuka mpaka sentimita 45 na kusimama. Mpira wa nje nao nimeukata. Tangu siku hiyo sijapoteza maji hata mara moja, na kila ninayemwona anatengeneza pipa swali langu la kwanza ni tii iko wapi.

Viungio vyote viwe vya plastiki, shaba na mabati ya zinki yanaachia sumu ya samaki polepole. Kitako cha pipa nimebana kwa bakinati (kiungio cha kubana bomba kwenye tundu kwa nati) yenye mpira pande zote mbili, gundi ya bomba haishiki kwenye hiyo plastiki ya bluu, usijidanganye. Umeme ni swichi, fyuzi, na waya wa kutosha, viungo vimelehemiwa na kupakwa grisi maana chumvi inakula waya usiku na mchana. Pampu inavuta kama ampia mbili, saa sita ni ampia saa 12, betri ya N50 inabeba bila shida. Pampu imefungwa kwenye kipande cha ubao huko tezi, inashuka majini tukisimama au tukienda polepole, tukikimbia inapandishwa, na kila dakika kumi tunapunguza mwendo tunaiwasha kidogo. Inakera lakini sijapata njia nzuri zaidi bila kutoboa boti chini ya maji, na hilo sitaki.

Idadi mi nasimamia vibua 25, wa ukubwa wa kiganja. Wenzangu wananiambia weka 50 nafasi ipo, ndiyo ipo, ila ukiweka 50 unafika na 20 wachovu, ukiweka 25 unafika na 25 wenye nguvu. Usiwashike kwa mkono mkavu, ule ute wa mwilini ndo ngozi yao ya pili. Mi nimekunja kiwaya, nakinasa kwenye ndoana juu ya pipa, nageuza, kibua anadondoka mwenyewe majini bila kuguswa. Na maji ya kujaza chukua nje kabisa, siyo mlangoni mwa bandari wala karibu na mito mvua ikinyesha, na ya bomba ndo usithubutu, ile klorini inawamaliza. Kuvua chambo chenyewe pia tunavua nje ya hifadhi, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zimehifadhiwa tangu 1975 na mi naona hao vibua tunaowapata nje wanatokana na kule kuachwa kwa ndani, tukipaingilia tunajimaliza wenyewe.

Mchanganuo kwa anayetaka: pipa 45,000, pampu 75,000, mabomba na elbo na tii na bakinati 38,000, waya na swichi na fyuzi 17,000, mbao na rangi 20,000. Drili niliazima.

Safari ya mwisho tulitoka na vibua 24, tukatumia 17, tukapata nguru wanne na kolekole mmoja mkubwa. Wale saba waliobaki niliwamwaga baharini saa tisa alasiri, nikainama kuwaangalia, wakakaa sekunde moja hivi kama wanajiuliza halafu wakashuka wote kwa pamoja. Mjomba hakusema kitu mpaka tunafika ufukweni, hapo ndo akaniambia na yeye anataka la kwake, dogo, la lita 60, dau lake halibebi zaidi ya hapo. Jumamosi tunatoboa. Tii nimeshamnunulia.