Kudhibiti msizi msituni Pemba: usiufungulie mwanga

Msizi, Maesopsis eminii kwa jina la kisayansi, ni mti mzuri ukiwa kwao. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hadi kandokando ya Ziwa Viktoria. Pemba uliletwa ukapandwa, kisha ukajipenyeza wenyewe ndani ya msitu wa Ngezi, kama ulivyofanya Amani kule Usambara. Ninayoyaeleza ni ya vipande vya msitu mkongwe pembezoni mwa Ngezi, upande wa Konde, ambako mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, bado unaota chini ya miti mirefu ya kienyeji, mijoho na mivule. Mpapindi hauna asili popote duniani ila Pemba. Ukifunikwa huku, hakuna pengine pa kuufuata.

Kinachoupa msizi nguvu ni mwanga. Ndege na wanyama walao matunda huzisambaza mbegu kila mahali, lakini mche ulio kwenye kivuli kizito hudumaa au hufa. Mti mkubwa ukianguka, au mtu akikata nguzo, pale palipofunguka misizi huchomoza kwa wingi na kuipita miche ya kienyeji kwa urefu. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na kufyeka yote kwa mpigo. Unaondoa misizi ishirini, unaita mia mbili.

Tunaanza kwa kuitia alama ya rangi miti inayozaa. Gome lake ni la kijivu cheupe lenye mifereji ya wima. Jani lina meno pembeni na ncha iliyochongoka. Tunda hugeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha zambarau iliyokolea. Miti hii ndiyo ya kushughulikiwa kabla matunda hayajaiva, na tunaanzia pale ilipo michache, sehemu ambazo msitu bado mzima, ndipo tusogee kwenye msongamano.

Mti mkubwa hatuuangushi. Ukianguka huvunja mipapindi michanga na kufungua mwanya uleule tunaoukimbia. Tunauvua gome mzunguko mzima, usawa wa kiuno, ukanda wa upana wa sentimita 30. Kata duara mbili kwa panga, ya juu na ya chini, bandua gome lililo katikati, kisha kwangua ute wote mpaka ufikie ubao mgumu wa ndani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: gome hubaki ndani ya ile mifereji, na ukanda mwembamba kama kidole unatosha kupitisha chakula, mti ukafunga jeraha na kuendelea kuzaa. Pitisha ncha ya panga katika kila mfereji, zunguka mara ya pili, na umwombe mwenzako akague. Mti hufa polepole, majani yanapukutika kidogo kidogo, na miche ya kienyeji iliyo chini inapata muda wa kuinuka. Chini ya mkanda yatatoka machipukizi. Yapukute kila unapopita. Mahali pamoja tunavua theluthi tu ya misizi kwa msimu. Mti ulio karibu na njia usiuvue, maana matawi makavu yataangukia watu. Huo ukatwe kwa kamba na mafundi, tena kwa kibali cha Idara ya Misitu. Ndani ya hifadhi hakuna linalofanywa bila kibali.

Miche iliyo chini ya goti ing'olewe kwa mkono wakati wa masika au vuli, udongo ukiwa laini. Shika karibu kabisa na ardhi, vuta wima. Usiitupe chini, kwani kwenye unyevu wa huku mzizi hushika tena. Itundike kwenye tawi, mizizi juu. Ulionenepa kama kifundo cha mkono hauvutiki, na ukiukata kisiki huchipua. Chimbua kwa jembe na mtaimbo, au kata chini kabisa na urudi kuvunja machipukizi mpaka kisiki kichoke.

Palipobaki wazi tunapanda mara moja, mita 2 kati ya mche na mche ili kivuli kifunge upesi. Mijoho ndiyo mingi. Mivule tunaichanganya michache michache: ikirundikwa pamoja juani, wadudu huitia vinundu na kuikausha ncha. Mpapindi hupandwa mwisho, kivuli kikishapatikana, kwa mbegu zilizookotwa chini, si mikungu iliyokatwa.

Ukingoni mwa msitu kuna lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia, nayo ina dawa tofauti. Haivumilii kivuli kizito, basi shida yake ni mpaka wa shamba na njia. Kuikata juu ni kuipogoa tu; kata matawi kwanza ili ufikie shina, kisha toa fundo lote la mzizi kwa jembe. Kuichoma moto kunaua miche ya kienyeji, na yenyewe huchipua kutoka mzizini. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, kwa hiyo marundo yawekwe mbali na malisho. Mbegu zake hukaa ardhini miaka, hivyo ukingo ukaguliwe kila baada ya mvua, na uzibwe kwa safu mbili za miti ya kienyeji iliyokaribiana.