Majivu ya Chausiku

Usiku ule nilichukua mizani ya jikoni, ile niliyoinunua kwa ajili ya maandazi, nikapima majivu ya paka wangu. Gramu 148. Chausiku alikuwa na kilo tano kasorobo alipokufa.

Hapa Minneapolis, Marekani, Januari ardhi inaganda hata sururu haiingii, na mimi nimepanga ghorofa ya tatu. Pa kumzikia sikuwa napo. Kliniki wakanipa fomu: achomwe pamoja na wengine nisirudishiwe kitu, achomwe na wengine huku wametenganishwa tanurini, au achomwe peke yake. Nikachagua peke yake, nikasaini huku nalia. Sikuuliza swali hata moja.

Baada ya siku kumi nikakabidhiwa kisanduku cha mbao, cheti, na mfuko uliofungwa shingoni kwa uzi wenye kisahani cha chuma. Nilitarajia majivu laini kama ya jikoni kwetu. Haya yalikuwa meupe, yana chenga kama mchanga wa ufukweni Raskazone, kwetu Tanga. Wasiwasi ukaanzia hapo. Ni yeye kweli?

Nikakesha nikisoma, hofu ikazidi. Mwaka 2002, huko Noble, jimbo la Georgia, ilikutwa miili ya watu 334 iliyotakiwa kuchomwa lakini ikatupwa tu, na baadhi ya jamaa walikuwa wamepewa vumbi la saruji. Kama binadamu walifanyiwa hivyo, paka je? Maabara nayo haisaidii, maana moto mkali namna ile hauachi vinasaba vya kupima.

Halafu nikakumbuka mguu wake. Miaka minne nyuma alianguka kutoka dirishani akavunjika paja, akawekewa chuma na skrubu sita. Vitu hivyo haviyeyuki tanurini. Nikamwaga majivu yote kwenye sinia, nikayapekua kwa kijiko. Sikuona skrubu hata moja. Nilikaa sakafuni mpaka kukakucha.

Asubuhi nikapiga simu huko walikomchoma. Mzee aliyepokea akaniambia niende nikaone mwenyewe. Alinionyesha tanuri, daftari, na mashine ya kusagia, kwa sababu tunachokiita majivu ni mifupa iliyosagwa. Ndiyo maana ina chenga, na ndiyo maana kwa paka wa kilo tano hubaki chini ya kikombe kimoja cha chai. Kabla ya kusaga wanatoa vyuma vyote, kwa sumaku na kwa mkono. "Ungeomba, ningekuwekea," alisema. Kisha akauliza kama ninacho kile kisahani. Nilidhani ni pambo! Kina namba, kiliingia motoni pamoja naye, kikatoka naye. Namba ileile ilikuwa kwenye fomu niliyoisaini nikilia.

Naamini ni yeye. Cheti peke yake kisingenitosha. Cheti huchapwa na yeyote. Ila ule uchuma wa paja unaniuma hadi leo, ningeutunza. Ndugu zangu mnaofuga huku, ulizeni kabla ya kusaini: atakuwa peke yake tanurini? Naruhusiwa kuwepo? Namba anavishwa wapi, kliniki au akishafika huko? Anayebabaika kujibu, msimwachie mnyama wenu.

Mama alipopiga kutoka Tanga sikumwambia habari ya moto. Nilimwambia tu kwamba Chausiku amekufa.

"Pole mwanangu. Umemfukia wapi?"

"Bado, Mama. Rafiki yangu amenipa nafasi bustanini kwake. Nasubiri barafu iyeyuke."