Siku yangu moja kwenye kaunta ya leseni za ndoa, Fort Worth, Texas

Saa 11 alfajiri
Naamka kabla ya watoto, napika chai, napasha wali na maharage ya jana naweka kwenye kontena. Leo Alhamisi, na kwenye kazi yangu Alhamisi ndo siku ngumu kuliko zote, mtaona kwa nini.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Kigoma, saivi ni karani msaidizi wa kaunti hapa Texas. Ndugu wengi nyumbani hawaelewi hii kazi kwa sababu kwetu ukitaka ndoa ya serikali unaenda bomani kwa mkuu wa wilaya, tangazo linakaa siku 21, na kumbukumbu zinaishia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Marekani serikali kuu haitoi leseni ya ndoa kabisa. Kila jimbo na sheria yake, na kwa Texas anayetoa leseni na kutunza kumbukumbu ni karani wa kaunti, na Texas ina kaunti 254, kwa hiyo leseni ilikotolewa ndo huko huko cheti kitatafutwa, hata kama mmehama mmeenda Houston au El Paso.

Saa 2 asubuhi
Nafungua kaunta. Jengo letu ni mahakama ya zamani ya kaunti ya Tarrant, ya granaiti ya rangi ya waridi, lilikamilika 1895, limekaa juu kabisa barabara ya Main inapoishia na nyuma yake ni mto Trinity. Mimi nalipenda sana hili jengo, na naona watu wanaokuja kuanza maisha wanastahili kuingia mahali pa heshima hivi.

Wa kwanza ni vijana wawili Wamexiko, wana leseni zao za udereva, dakika 20 wamemaliza. Nawauliza majina kamili, jina la ukoo la bibi harusi kabla ya kuolewa, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kama kuna aliyeachika ndani ya siku 30 zilizopita. Namba ya sosho, yaani ya hifadhi ya jamii, mtu akiwa nayo anaandika, asipokuwa nayo leseni anapata vilevile. Halafu nawaambia wanyooshe mkono wa kulia waape kwamba walichojaza ni kweli. Hatuulizi hata siku moja kuhusu karatasi za uhamiaji, na hili naliandika hapa wazi kwa sababu kuna watu wetu wameishi miaka wanaogopa kuja kwa ajili ya hilo tu.

Kuna swali moja kwenye fomu ambalo linawashtua watu wa pwani na Waislamu wengi, lile la undugu. Unaapa kwamba mwenzio sio ndugu yako wa damu, sio mjomba wala shangazi, na sio binamu wa kwanza. Kwetu mtoto wa mjomba au wa ami kuoana ni jambo la kawaida na la heshima, lakini Texas tangu 2005 sheria imekataa, kwa hiyo bora mlijue kabla hamjachanga michango.

Saa 3 na nusu
Hawa ndo Alhamisi yenyewe. Kijana na binti, wote wazazi wao ni Wakongo, wamekulia hapa hapa Fort Worth, wanaongea Kiswahili wakichanganya na Kiingereza, wanatabasamu mpaka raha. Harusi Jumamosi saa 8 mchana, ukumbi umelipiwa, shangazi wameshatua kutoka Ohio na Kentucky, nguo za sare zimeshonwa. Nikashusha pumzi.

Nikawaambia taratibu, wanangu, leseni ya Texas ukiipata leo mchungaji haruhusiwi kuwafungisha mpaka zipite saa 72, yaani mkichukua leo saa 4 asubuhi ni mpaka Jumapili saa 4. Binti akaanza kulia pale pale, kijana anamshika bega anasema tulia mpenzi tulia, na huku mwenyewe mikono inatetemeka.

Njia ipo na nataka kila anayesoma aishike. Jimbo lina mafunzo ya kabla ya ndoa yanaitwa Twogether in Texas, yasiyopungua saa 8, mengine yanafanyika mtandaoni. Mkiyamaliza mnapata cheti, na mkija na hicho cheti kabla hakijapita mwaka mnaondolewa zile dola 60 za ada ya msingi, halafu kungoja saa 72 kunafutwa. Lakini cheti mnakuja nacho wakati wa kuomba, kwa hiyo nikawaambia msiombe leo. Nendeni nyumbani, zimeni simu, kaeni wawili mfanye hayo mafunzo leo hii hii, kesho asubuhi niko hapa. Na kuna njia ya pili, jaji anaweza kuondoa hizo saa akiona sababu ya maana, ila kwa jaji huwezi kujua kama utampata kwa wakati.

Kijana akauliza, "Mama, kwa hiyo Jumamosi iko?" Nikamwambia iko, mwanangu, kama leo mtafanya kazi. Waliondoka wanakimbia. Na sio kwamba ni wazembe, hapana, ni kwamba kwenye vikao vyote vya harusi, mweka hazina yupo, kamati ya chakula ipo, kamati ya mapambo ipo, hakuna hata mtu mmoja amepewa kazi ya leseni. Mimi nasema kila kamati iwe na mtu wa leseni, na aanze mwezi mmoja kabla. Leseni inaishi siku 90, mnao muda wa kutosha, na mnaweza kuitumia kaunti yoyote ndani ya Texas.

Saa 5
Mzee na mkewe, wameletwa na binti yao. Nikawaamkia, nikamwita Papa, yaani baba, kama Wakongo wanavyoitana, akafurahi sana kusikia Kiswahili nyuma ya kioo. Walifungishwa ndoa kanisani ndani ya kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, mkoani kwangu kabisa. Karatasi ilipotea katika kuhamahama. Sasa mzee umri umekwenda, kuna mtu kamwambia akitangulia yeye mama atahangaika kupata haki zake bila cheti. "Mama, mutuangalilie kwenye mashini," akasema, akanionyesha kompyuta.

Hapa ndo pagumu, maana mtu kapanda basi mawili kuja. Kompyuta yetu ina ndoa za kaunti hii tu. Ndoa ya Nyarugusu haimo, ya kambi ya Kakuma kule Kenya haimo, ya Nakivale kule Uganda haimo, hata ya Dallas ambayo ni jirani kabisa haimo. Nikawaeleza kwanza kwamba kutokuwepo humu hakumaanishi hamjaoana, naomba hilo lisiwaumize.

Halafu nikawaonyesha fomu nyingine ambayo Texas inayo, tamko la ndoa isiyo na sherehe. Watu wawili wanaapa kwamba tarehe fulani walikubaliana kuwa mume na mke, wameishi pamoja, na hapa Texas wanajulikana hivyo kwa watu. Haina saa 72, haina mchungaji, inaandikishwa na mnapata kopi yenye muhuri. Ugumu uko kwenye tarehe. Papa akasema mwaka mmoja, mama akasema mwingine, akasema ilikuwa baada ya mavuno ya maharage na mtoto wa kwanza alikuwa bado, wakabishana kwa upole vile wazee wanavyobishana. Na faili lao la ukimbizi lina tarehe tayari, waliyoitaja kwenye mahojiano zamani. Ukiapa tarehe nyingine leo unaweza kujiletea maswali ya uhamiaji kesho. Mimi sio wakili na siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, kwa hiyo sikuwasainisha. Niliwapa fomu tupu, nikamwambia binti yao aende nao kwenye ofisi ya msaada wa kisheria kwanza, watafute faili, halafu warudi. Roho iliniuma kuwaona wanatoka mikono mitupu, lakini tarehe ya haraka ingewagharimu zaidi.

Saa 7 mchana
Wali na maharage. Simu kutoka kwa kijana aliyepata namba yangu kanisani, mchumba wake yuko Nakivale, anauliza kama wanaweza kufunga ndoa kwa WhatsApp mbele yangu. Hapana, kaka. Kuwakilishwa na mtu mwingine Texas inaruhusu kwa mwanajeshi aliyeko nje ya nchi kwa ajili ya vita au operesheni nyingine ya kijeshi, sio kwa simu na sio kwetu raia.

Saa 8
Mchana nahamia upande wa kumbukumbu, na hapa nikikaa nasahau njaa. Amekuja mama mmoja Mmarekani mweusi, anatafuta ndoa ya wazazi wa babu yake. Kumbukumbu za ndoa hapa ni za wazi, mtu yeyote anaweza kuomba. Jimbo lenyewe faharasa yake ya ndoa inaanza 1966 tu, na kule Austin, makao makuu ya jimbo, wanakupa barua ya kuthibitisha, sio cheti. Kabla ya hapo lazima uje kaunti, utafute kwa jina la mume au la mke, upate namba ya kitabu na ukurasa. Na kwa Tarrant huwezi kurudi nyuma ya 1876, kwa sababu mwaka huo mahakama iliungua, vitabu vikateketea.

Watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru Juni 1865. Kabla yake walioana, lakini hakuna karani aliyewaandika, maana mbele ya sheria walihesabiwa mali. Kwa hiyo kwa familia kama yake kitabu cha ndoa mara nyingi ndo mahali pa kwanza kabisa babu na bibi wanaonekana kwa majina yao wote wawili. Na kaunti nyingi za Kusini ziliandika weusi kwenye vitabu vya peke yao, kwa hiyo usipoona jina usikate tamaa, uliza kama kuna kitabu kingine.

Jina la ukoo alilokuja nalo halikutoka. Tukabadilisha herufi, tukatoa moja mwishoni, tukajaribu kwa jina la bibi, na hapo akatokea. Miaka ya 1890, mwandiko wa wino uliolala. Yule mama alisoma kwa sauti, akarudia, akaniomba kopi mbili zenye muhuri.

Naliandika hili kwa ajili yetu pia. Wajukuu zetu watakuja kututafuta kwenye hivi hivi vitabu. Ukiitwa Mwamini kwenye paspoti usiandike Amini kwenye fomu kwa kuwa karani kakosea na unaona aibu kumrekebisha. Nirekebishe, niko pale kwa hilo. Na kosa likishaingia linarekebishika kwa kiapo cha nyote wawili.

Saa 10 jioni
Leseni zilizorudi zinaingizwa kwenye rekodi. Hii ndo sehemu watu wetu wanaisahau kuliko zote. Leseni sio cheti. Mchungaji, imamu au jaji akishawafungisha anaandika tarehe na kaunti, anasaini, na anatakiwa airudishe kwetu ndani ya siku 30. Asiporudisha ni kosa, faini dola 200 mpaka 500, lakini faini haikupi cheti.

Leo alikuja dada mmoja ambaye harusi yake ilikuwa kubwa mpaka nyingine zote mnaziona ndogo, ana albamu nzima kwenye simu, ana mahojiano ya uhamiaji wiki ijayo na wanataka cheti. Nimetafuta kwa jina lake na la mumewe, leseni ilitolewa, haikurudi. Akampigia mchungaji pale pale, mchungaji akasema iko kwenye droo, alidhani ni ya kumbukumbu ya kanisa. Nikamwambia aifuate leo leo, hata imechelewa ilete. Ingekuwa imepotea kabisa tungeanza habari ya nakala nyingine ya leseni, inawezekana, ila muda wake hana.

Saa 11 na nusu jioni
Niko njiani nyumbani, ujumbe umeingia wa yule kijana wa Jumamosi, wamefika saa ya 5 ya mafunzo, wanauliza kesho nafungua saa ngapi. Nimewajibu saa 2 na waje na vitambulisho vyote viwili. Na Jumapili baada ya ibada nimeomba dakika 20 na wachungaji wetu, nitawapelekea mfano wa leseni niwaonyeshe ni wapi wanasaini na ni anwani gani wanairudishia.