Siku Tatu Llanrhaeadr-ym-Mochnant

Neno la kwanza la Kiwelisi, lugha ya Welisi (Wales), nililokutana nalo lilikuwa limepakwa rangi nyeupe juu ya lami: ARAF. Maana yake, punguza mwendo. Basi dogo lilikuwa limetoka Oswestry, mji wa upande wa Uingereza, na hapakuwa na geti wala askari wa kutuambia kwamba tumevuka. Ni lile neno tu. Kuanzia hapo vibao vilikuwa vya lugha mbili, na barabara ikazidi kuwa nyembamba, imebanwa kushoto na kulia na nyua za miti ya miiba iliyochanua maua meupe, maana ulikuwa mwezi wa Mei. Tulipokutana na trekta, mmoja wetu alirudi kinyumenyume mpaka penye upenyo.

Llangedwyn alipanda bibi mmoja mwenye kikapu. Akamsalimia dereva kwa Kiwelisi, dereva akaitikia kwa Kiwelisi, wakazungumza hivyo bondeni kote kandokando ya mto Tanat. Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilitulia nikawasikiliza, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nimetoka Birmingham kukisikia.

Mimi ni mzaliwa wa Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa. Nyumbani tulisema Kirabai, sokoni Kiswahili, na shuleni tukaamriwa Kiingereza peke yake. Kila asubuhi mwalimu alimkabidhi kiranja kipande cha mbao chenye kamba. Atakayesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, naye akawa na kazi ya kutega sikio mpaka amnase mwenziwe, amvishe. Jioni wote waliokipitisha shingoni waliitwa mbele wakachapwa. Tulikiita diski. Nilikivaa mara nyingi. Siku moja nilikivua kwa kumnasa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la pili, kwa neno moja tu: madzi. Alikuwa na kiu, anaomba maji. Nikamvisha.

Miaka mingi baadaye, katika makumbusho ya St Fagans nje ya Cardiff, nikakiona tena ndani ya kabati la kioo. Kipande cha mbao chenye herufi W na N, kifupi cha "Welsh Not", yaani Kiwelisi marufuku. Walivishwa watoto wa Welisi katika karne ya 19, kwa kosa lile lile la kusema lugha ya mama zao, na kwa utaratibu ule ule wa kuwindana. Ilinibidi nitoke nje nivute pumzi. Nikataka kujua lugha hii ilipata wapi nguvu ya kupita humo na kutokea upande wa pili ikiwa hai. Kila niliyemuuliza alinitajia kitabu kimoja, na kitabu kilinileta kwenye kijiji hiki.

Jina lake lilinipa kazi. Ll ya Kiwelisi si l yetu: unauweka ulimi kama anayetaka kusema l, kisha unapitisha pumzi pembeni mwa ulimi pasipo sauti ya koo. Llan ni kanisa na uwanja wake, rhaeadr ni maporomoko ya maji, na Mochnant ni jina la kale la eneo hili. Watu ni zaidi kidogo ya elfu moja ukihesabu na wa mashamba ya jirani. Nyumba ni za mawe ya kijivu, mapaa ya sleti, na katikati mto Rhaeadr unapita chini ya daraja. Zamani mto huo ulikuwa mpaka wa majimbo mawili: nusu ya kijiji Denbighshire, nusu Montgomeryshire. Siku hizi chote kiko jimbo la Powys. Dukani nilisema "bore da", yaani habari za asubuhi, na mwenye duka akanijibu polepole, akasubiri nilirudie mpaka likakaa sawa.

Kanisa la Mtakatifu Dogfan liko hatua chache kutoka njia kuu. Ndani kuna baridi na harufu ya mawe mabichi, na jiwe la msalaba la zaidi ya miaka 1,000, limechongwa mistari inayosukwa kama mkeka. Nililigusa kwa macho tu nikaketi kwenye benchi. Hapa ndipo alipohudumu William Morgan, aliyefika mwaka 1578 akiwa kasisi wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa shamba la Wybrnant karibu na Penmachno, aliyesomea Kiebrania na Kiyunani huko Cambridge.

Wakati huo Wawelisi walikuwa kwenye hali ninayoielewa vizuri. Sheria ya mwaka 1536 ilikuwa imekataza mtu asiyejua Kiingereza kushika cheo chochote cha serikali. Ibada nazo zilikuwa zimegeuzwa kutoka Kilatini kuwa za Kiingereza, na watu wengi wa mabonde haya hawakukijua. Mwaka 1563 bunge la London likaagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi, ila iwekwe kanisani pamoja na ya Kiingereza, ili watu wakilinganisha wajifunze Kiingereza. Agano Jipya likatoka mwaka 1567, kazi kubwa zaidi ikiwa ya William Salesbury, msomi wa kweli, lakini aliandika maneno yafanane na asili yake ya Kilatini, na msomaji akisoma kwa sauti alijikwaa. Morgan alilisahihisha, akatafsiri Agano la Kale lote, na akaandika Kiwelisi ambacho kinywa kinakitambua. Alifanya hayo akiwa kwenye ugomvi mkubwa na familia moja ya maeneo haya, mashtaka yakienda na kurudi. Kisha akaenda London kukaa karibu mwaka mzima kusimamia uchapaji, kwa sababu wachapaji hawakujua lugha. Biblia ikatoka mwaka 1588.

Kwetu Rabai ipo nyumba ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyeanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, na tulikuwa tukipita mbele yake kwenda shule. Sikuwahi kuiwazia sana. Nikiwa kwenye benchi la Mtakatifu Dogfan niliona tofauti iliyoniuma. Krapf alijifunza lugha za watu. Morgan aliandika ile aliyosikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Na kilichofuata ni watu wa kawaida kukichukua kitabu kile. Katika karne ya 18 palikuwa na shule za kuzunguka, mwalimu anakaa miezi michache kijijini kisha anahamia kingine, na wakulima na watoto wao wakajifunza kusoma kwa Kiwelisi chao wenyewe. Lile lengo la bunge, kwamba wajifunze Kiingereza kwa kulinganisha, lilizaa kinyume chake. Mbao zilipoletwa shuleni, lugha ilikuwa tayari imeshakaa kwenye rafu ya kila nyumba.

Jioni nilimweleza hayo bibi aliyenipangisha chumba. Alikuwa anakata mkate, akaacha. Akaniambia babake alihadithiwa na nyanya yake jinsi alivyokivaa kile kibao utotoni. Nyanya huyo hakutaka watoto wake waitwe wajinga, hivyo wengine aliwasemesha Kiingereza. Bibi mwenyewe lugha aliipata kwa upande wa mama. Sasa wajukuu zake wanasoma kwa Kiwelisi, hesabu na sayansi pia. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, chini kidogo ya mtu mmoja kati ya watano, na yeye hakulificha hilo. Nyumba za mabondeni zinanunuliwa na watu wa mbali, vijana wanafuata kazi mijini, na kanisa likikosa watu, kikao kimoja cha lugha kimekwisha. Aliniuliza kama wanangu wanasema Kirabai. Nikamwambia ukweli, kwamba wanasema Kiingereza cha Birmingham, na Kiswahili cha kuombea chakula. Hakunilaumu. Alinimiminia chai nyingine.

Siku ya tatu nilienda kwa miguu kwenye maporomoko yenyewe, Pistyll Rhaeadr, kilomita sita hivi kutoka kijijini kwa njia ya gari moja. Mvua ya rasharasha ilinyesha ikakatika, ikanyesha tena. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo zinapanda mlima mpaka zinapotea kwenye ukungu. Welisi ina kondoo kama mara tatu ya watu wake, na siku ile niliamini: kila upande kondoo jike na wanawe, wamepakwa alama ya rangi mgongoni, bluu kwa mwenye shamba huyu, nyekundu kwa yule. Kangaga changa zilikuwa bado zimejikunja. Mwewe mwenye mkia wa panda alizunguka juu bila kupiga bawa.

Unayaona maji kabla hujayasikia. Kwa mbali ni uzi mweupe ulioning'inia mwisho wa bonde. Ukifika chini, ni ukuta wa mwamba wa zaidi ya mita 70. Maji yanaanguka mruko mmoja mrefu mpaka kwenye birika la mwamba, yanapita chini ya tao la jiwe ambalo hakuna fundi aliyelijenga, kisha yanaruka tena. Wenyewe wameyaweka miongoni mwa maajabu saba ya Welisi. Nilisimama kwenye daraja la chuma, uso umelowa, nisitake kuondoka.

Kuna njia ya kupanda hadi juu, inayopinda ndani ya miti. Nusu saa, magoti yakilalamika. Juu nilishangaa kukuta kijito, mto Disgynfa, chembamba kiasi kwamba ungeweza kukiruka penye mawe, kinatoka kimyakimya kwenye nyika za Berwyn zinazopanda mpaka karibu mita 830. Bondeni simu yangu haikuwa na mtandao tangu nifike. Hapo juu ikaanza kutetema, ujumbe mmoja baada ya mwingine.

Nikampigia mdogo wangu, Rabai. Nilimsalimia kwa Kirabai, akanyamaza kidogo, maana kwa miaka sisi husemezana Kiswahili. Kisha akaitikia kwa Kirabai. Nikamwambia kuhusu diski, na siku ile. Alisema hakumbuki kuchapwa. Alikumbuka kwamba nilimbeba begi lake hadi nyumbani. Mimi hilo nilikuwa nimelisahau.

"Kaka, ni nini hicho kinachovuma hapo ulipo?"

Nikaisogeza simu ukingoni.

"Madzi," nikamwambia.