Gharama za gari la mwaka 2003
Mwezi uliopita, tukiwa njiani kuelekea Chalinze, mshale wa joto wa gari langu dogo la mwaka 2003 ulipanda ghafla hadi kwenye alama nyekundu, nami nikaegesha pembeni mara moja na kuzima injini. Kesho yake fundi alifungua mfuniko wa oili, akanionyesha utando mweupe mfano wa maziwa mgando, akasema, "Kaka, maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imeungua," yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya injini na hedi, sehemu yake ya juu. Chanzo kilikuwa mpira wa rejeta uliochakaa ukawa unavujisha maji kidogo kidogo, mpira ambao ningeubadilisha kwa shilingi 25,000 tu. Gasketi, kusawazisha hedi, oili mpya na ufundi vilinigharimu shilingi 620,000, na bado sijagusa bushi na shokapu za mbele, zinazogonga kila nikipita kwenye shimo. Hata hivyo nalipenda gari hili, kwa kuwa limewapeleka wanangu shule kwa miaka saba, na sasa kila asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nafungua mfuniko wa rejeta na kutazama maji kabla ya kuwasha.