Shampuu ya zambarau kwenye nywele za blichi: inachofanya na isichoweza

Shampuu ya zambarau haiblichi kitu. Ni shampuu iliyotiwa rangi, na rangi hiyo hubaki juujuu ya unywele baada ya kusuuza. Anayekaa nayo kichwani nusu saa akingoja weupe uongezeke anasubiri meli uwanja wa ndege.

Blichi huvunja melanini, yaani rangi ya asili ya nywele. Ile nyeusi na ya kahawia huachia mapema. Yenye wekundu na unjano hung'ang'ania, na hata ikiisha, keratini yenyewe, protini inayounda unywele, ina unjano hafifu. Zambarau hunyonya sehemu ya njano ya mwanga, kwa hiyo mwanga unaorudi machoni unakuwa umesawazika na unjano hauonekani tena. Lakini pia umepungua. Ndiyo maana nywele hutoka zikiwa zimepoa rangi kidogo, si zimeng'aa zaidi.

Kabla ya kununua, simama dirishani mchana utazame nywele zako. Zikiwa na rangi ya ndani ya ganda la ndizi, au njano iliyokolea kidogo, zambarau itafanya kazi. Zikiwa za chungwa, unahitaji shampuu ya bluu. Zikiwa nyekundu-chungwa, na nywele zetu nyeusi hukwama hapo mara nyingi, zote mbili ni hasara: ama urudie blichi baada ya nywele kupumzika, ama uzipake rangi ya karameli uendelee na maisha. Mimi ningechagua karameli.

Dukani chupa zote ni za zambarau, hiyo haikuambii kitu. Ukipata ya kujaribia, weka tone kwenye tishu nyeupe ulisambaze kwa kidole. Likiacha doa la urujuani mzito, rangi ipo ya kutosha. Likiacha povu la waridi hafifu, utaosha wiki nzima bila kuona tofauti.

Vaa glavu, maana kucha hushika rangi. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida, kwa sababu mafuta huzuia rangi na kuacha mabaka. Kamua maji, kausha kwa taulo mpaka zisidondoshe. Nywele fupi za kukata, kijiko kimoja cha chakula. Za mabegani, viwili au vitatu. Anza palipo na njano zaidi, ncha ziwe za mwisho: zimeungua zaidi, zinakunywa rangi haraka. Dakika mbili, suuza, kausha kishungi kimoja ukitazame, kwani nywele mbichi hudanganya. Bado njano? Rudia, usizidishe dakika tano. Malizia na kondishena.

Nywele zenye dawa ya kulainisha na blichi kwa pamoja ni habari nyingine. Hizo hushika zambarau ndani ya sekunde. Changanya sehemu moja ya shampuu na tatu za kondishena nyeupe, ujaribu kwanza kishungi cha nyuma ya sikio.

Zikitoka na zambarau au kijivu chenye mabaka, usirudie blichi. Rangi iko juu tu: shampuu ya kusafisha kwa kina na maji ya uvuguvugu, mara mbili au tatu, hupunguza sana. Shampuu ya zambarau, mara moja kwa wiki inatosha. Ukiitumia kila unapoosha, nywele zitakuwa kavu na nzito kwa rangi.

Na kama unjano unarudi baada ya siku chache, chunguza pasi ya nywele yenye moto mkali, jua, na maji ya kisima yenye chuma. Mafuta ya mawese, kwa uchungwa wake, yaache jikoni.

Wigi la 613 (namba ya rangi ya blondi) la nywele za binadamu hufuata utaratibu uleule, ila koroga shampuu kwenye beseni la maji, uzamishe nywele tu na leisi, kile kitambaa chepesi cha wavu zilikoshonewa, ibaki nje. Leisi ikishika zambarau, itaonekana kwenye paji la uso. Wigi la plastiki usihangaike nalo, halishiki rangi hii.